Ngozi Isiyo na Mnyama

Zuhura alivaa namba tano. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mrefu kidogo kuliko wa kulia, na kidole cha pili kilikipita kidole gumba. Haya niliyajua miaka mingi kabla ya mwaka jana, nilipoitwa Pangani pamoja na wanawake wengine watatu kwenda kumwosha. Wenzangu waliangalia uso wake, wakasema amelala tu. Mimi nilishika miguu. Ndivyo nilivyo, na watu wa nyumbani kwangu wamechoka kunikanya: nikikutana na mtu naanza kumtazama chini, uso baadaye, na wapo ninaowakumbuka kwa visigino vyao ambao majina yao yamenitoka kabisa. Miguu ya Zuhura ilikuwa imezeeka vizuri, haina sugu wala nyufa, miguu ya mtu aliyevaa viatu vinavyomtosha. Nikaimwagia maji taratibu, nikapitisha kitambaa katikati ya vidole, kimoja kimoja. Sikulia. Kilichonijaa kifuani hakikuwa kilio peke yake.

Siku ya tatu, baada ya hitima, watu walipokwisha kula na kuanza kuegemea ukuta, binti yake mkubwa alisimulia habari ya viatu. Nilijua itafika. Msiba wa mtu aliyeishi sana una mahali pake ambapo watu huanza kucheka, na hakuna ubaya. "Mama huyu mnayemlilia alikuwa mkaidi tangu usichana," alisema. "Siku za arusi yake aliwadanganya shangazi na mawifi kwa viatu vya plastiki, akawaambia ngozi. Vikayeyuka kwenye udi, watu wanaona. Bibi mzaa baba mpaka anaingia kaburini alikuwa akimwita Bibi Arusi wa Plastiki, na akimtuma sokoni humwuliza kila kitu mara mbili." Watu wakacheka, hata mimi midomo ikanicheza. Kisha akanigeukia. "Si ndivyo, bibi? Wewe ulikuwapo." Nikasema ndiyo, nilikuwapo. Nikainua kikombe cha kahawa, nikanywa, na kahawa ilikuwa imepoa. Naandika sura hii kwa sababu ya jibu lile. Nilikuwapo kweli, lakini mambo hayakuwa hivyo, na aliyebaki anayeyajua ni mimi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo na hajafungasha. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minane. Nilifikaje nyumbani kwa Fundi Mbwana, Nguvumali ya Tanga, nikalala kwake na kula kwake mwaka mzima, ni habari ndefu na haina faida hapa. Yatosha kusema kuwa nilijulikana kwa kushona kofia, na Fundi Mbwana, mshona viatu, aliona kofia niliyoshona kichwani mwa mtu msikitini, akauliza ni mkono wa nani. Nyumba yake ilikuwa ya udongo iliyopakwa chokaa, ukumbi mbele, vyumba ubavuni, na ua wenye mfenesi mmoja ulioangusha majani mchana kutwa. Yeye alikaa ukumbini karibu na mlango, penye mwanga, juu ya kigoda cha mvule kilichobonyea katikati kwa kukaliwa. Mbele yake palikuwa na gogo la kukatia ngozi. Ukutani, zimetungwa kwa kamba, zilining'inia kalibu zake, ile miguu ya mbao ambayo kiatu huwambwa juu yake kipate umbo: miguu ya watoto, ya wanawake, ya wazee, na miwili mikubwa ajabu ambayo hakuna aliyekumbuka ilikuwa ya nani. Mimi nilikaa chumba cha pembeni, nyuma ya pazia la kanga kuukuu, maana msichana aliyekwisha kukua hawekwi mlangoni akaonwa na kila apitaye. Nilishona sehemu ya juu ya kiatu. Yeye akaiwamba na kutia soli. Upepo ulipolisogeza pazia niliuona mkono wake tu, umeshika msharasi wa kutobolea ngozi, unapanda na kushuka, na kalibu nyuma yake zikigongana polepole. Nikifumba macho hata leo naisikia sauti ile ya mbao, na naona usingizi wa saa nane unanijia.

Macho ya Fundi Mbwana yalikuwa yanaingia ukungu. Hakupenda lisemwe, kwa hiyo hatukulisema, lakini aliposhona alikiinamia kiatu mpaka pua ikakaribia kuchomwa. Hakuwa na mtoto. Siku moja, baada ya chakula cha mchana, tumekula bada kwa mchuzi wa papa, nikawa uani naosha vyombo, nao wakadhani maji yananiziba masikio. Nikamsikia akisema na mkewe, Bi Kibibi.

"Mkono anao," alisema Fundi. "Kunishinda mimi nilipokuwa umri wake."

"Mkono wa mwanamke huo, Mbwana. Watu watasema."

"Watu wavaa viatu au wavaa maneno?"

"Na akiolewa?"

"Ataondoka na kalibu zake. Lakini kwanza nataka nione jozi moja, yake yeye tangu mwanzo hadi mwisho. Ivaliwe mbele ya watu, isirudi humu ndani na neno. Hapo nitainuka, akae. Ikirudi na neno, kalibu zote nampelekea yule fundi wa Muheza, kabla sijaanza kujitoboa vidole."

Nilibaki nimeshika sufuria, povu linanishuka mkononi. Sijapata kutaka kitu kama nilivyotaka kigoda kile. Niliwahi kuolewa, nikazaa, nikajenga, na vyote nilivitaka, lakini vyote vilikuja vikiwa vimetarajiwa. Msichana hutarajiwa kuolewa. Kigoda hakuna aliyekitarajia kwangu, na pengine ndiyo maana nilikihisi tumboni kama njaa. Siku ya pili yake nilimwambia Zuhura. Tulikuwa tumesoma chuo kimoja cha Kurani, tumechapwa na mwalimu mmoja, na hakuna nilichomficha. Kwao ilikuwa Mabawa, na kila alasiri alipewa ruhusa ya kuja kukaa nami nyuma ya pazia, ananishikia uzi nikiupaka nta. "Utakaa," aliniambia. "Na mimi nitakuwa mtu wa kwanza kuja kukusumbua."

Kitu kimoja lazima nikieleze, kwa sababu yote yanatoka hapo. Fundi Mbwana hakumkabidhi mtu kiatu mpaka akitaje. Alikishika kwa mikono miwili, akakizuia kwanza, na kabla mwenyewe hajakigusa alisema kimetokana na nini na kina aibu gani: ngozi hii ni ya mbuzi, bega la kushoto lina kovu la mwiba, soli ni ya ng'ombe, uzi umeungwa mara moja kisiginoni. Akisha kusema ndipo alipoachia. Wateja wengine walicheka, wengine walikereka, kuna bwana mmoja wa bandarini alimwambia, fundi, nimekuja kuchukua viatu, sikuja kusikiliza khutuba. Fundi alimwambia kisichotajwa hakijauzwa, kimetupwa kwa mtu. Nyuma ya pazia nilisikia maneno yale kutwa mara tano, mara sita, mpaka nikawa nayasema midomo imefumba.

Ngozi zetu zilitoka milimani, upande wa Amani. Alizileta mzee mmoja Mshambaa, jina lake Yohana, Mlutheri wa kweli, ambaye hakula kwetu kabla ya kufumba macho na kusali, na Bi Kibibi alikuwa akimngoja amalize huku ameshika upawa. Kila safari Fundi alimwuliza nani amechinja, na kila safari Yohana alijibu, "Kachinja Mwislamu mwenzako, Mbwana, mimi kazi yangu kula tu." Ngozi zililoweshwa kwa magome ya mkoko, na mkoko hupaka wekundu, kwa hiyo viatu vyote vya Tanga mjini vilivyotoka kwa mafundi wetu vilikuwa vyekundu, wekundu wa matofali, na vikizeeka huwa kahawia. Nyeupe hatukuwa nayo. Ngozi nyeupe ilikuwa kitu cha kwenye picha.

Ndipo ikaja ile nyingine. Mwenye duka mmoja wa Ngamiani, aliyekuwa akiuza vitambaa vya kufunikia viti vya mabasi, alimletea Fundi jora ajaribu. Lilikuwa kitambaa chini, juu limepakwa plastiki iliyochorwa vinyweleo na mikunjo, hata ukiangalia haraka ungeapa ni mgongo wa mnyama. Palikuwa na jeusi, jekundu, na jeupe. Walilikunjua lile jeupe ukumbini, likaingia mpaka chini ya pazia langu, na nakumbuka chumba chote kilibadilika. Mwanga wa mlangoni ulilala juu yake ukapanda kwenye kuta, ukapanda mpaka kwenye makuti, nikaiona mikono yangu imekuwa myeupe kama imechovywa kwenye maziwa. Nikaweka shavu langu pale chini. Lilikuwa la baridi, lina harufu tamu kidogo, harufu ya ndani ya motokaa mpya. Upande wa pili wa pazia Yohana, aliyekuwa amekuja na mzigo wake, alikuwa akiligusa kwa ncha ya kidole.

"Mnyama gani huyu?" aliuliza.

"Hana mnyama," alisema Fundi. "Watengeneza kiwandani."

"Mimi nina mbuzi, hula majani, waumwa, waibiwa. Huyu hali wala haibiwi. Ataniua huyu, Mbwana."

"Hatakuua. Harufu yake si ya kweli."

"Wateja wako wanunua harufu?"

Alasiri ile nililala kidogo juu ya mkeka, nikaota kundi la wanyama weupe wasio na macho, wanateremka kutoka Amani katika mvua nyembamba, hawalii, hawaachi nyayo. Wakaja wakasimama nyuma ya pazia. Sikuogopa. Nilijua nitawashona.

Ulinifundisha adabu mwanzoni, ule weupe. Mimi wa kofia nilijivunia mshono wa karibu, tundu kando ya tundu, na ngozi huupenda mshono huo kwa kuwa hujifunga yenyewe. Kwenye plastiki nilishona mkoba wa kwanza hivyo hivyo, nikauvuta kuujaribu, ukachanika kwenye mstari wa mshono wote kama stempu. Ilinibidi nijifunze kuacha nafasi, kukunja ukingo mara mbili, kutotoboa tundu ambalo sitalitumia, maana ngozi hufumba kidogo sindano ikipita lakini hii tundu likiingia limeingia. Fundi alitengeneza mikoba na viatu vya watoto, vikauzika sana, kwa bei ambayo mtu wa mashamba ya mkonge aliimudu. Na kila kimoja alikitaja kwa mikono miwili: "Hii si ngozi. Ni plastiki. Isikae juani, wala karibu na moto." Watu waliipenda zaidi. Kuna mama mmoja alisema afadhali, hapo hana shaka na nguruwe.

Zuhura akachumbiwa Pangani. Upande wa bwana arusi walikuwa watu wenye kujiona, wana jamaa Mombasa, na habari ikaja kwamba dada zake wote walivaa viatu vyeupe siku za arusi zao. Basi Zuhura akataka vyeupe. Shangazi yake, Bi Rehema, ndiye aliyemlea na ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Mwanamke mnene, mkarimu, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Nilikuwa kwao Mabawa siku alipolitoa neno hilo. Tulikuwa jikoni, tunakula mkate wa kumimina moto moto, vidole vinateleza kwa samli.

"Vyeupe sikatai," alisema. "Lakini ngozi. Mwanangu haingii kwa watu na mpira mguuni, wakaja kusema tumeokota mtoto. Mwanakombo, kwa fundi wako ngozi nyeupe yapatikana?"

Mwanakombo ndiye mimi. Zuhura alinitazama juu ya mkate, macho yamemng'aa. Nikasema, "Niachie mimi, shangazi." Hilo si uongo, nilijiambia njiani narudi Nguvumali. Sikusema ipo, sikusema haipo.

Nilimwomba Fundi jozi ile iwe yangu. Alielewa mara moja nilichokuwa nakiomba. Akachukua kalibu za namba tano akanipa mkononi. "Tangu mwanzo hadi mwisho," alisema. "Na siku ya kukabidhi, taja." Nikasema nitataja. Siku kumi na mbili nilifanya kazi ile, na kama nimepata kuwa na furaha kamili duniani basi ni siku zile. Niliongeza kipande chembamba kwenye kalibu ya kushoto kwa ajili ya mguu wake mrefu. Nilikata mabaki ya jora jeupe nikiwa nimepiga magoti, pumzi nimeizuia. Bi Kibibi alileta uji wa mchele ukapoa kando yangu na kufanya utando. Mchana nilifunga dirisha nusu ili joto lisiingie, chumba kikawa na kiza cha kijani cha majani ya mfenesi, na katikati yake vile viatu viwili vikawa vinakua, kila siku vimezidi kidogo kuwa viatu. Nilitia kikuku kimoja cha kufungia, na juu ya vidole nikashona ua dogo kwa mshono wa kofia, kwenye kipande cha kitambaa si kwenye plastiki, ili lisichanike. Nilipovitoa kwenye kalibu vilisimama peke yao. Fundi alivipapasa, maana macho yake ndiyo yale, akazungusha kidole gumba ndani ya kisigino, akasema, "Hapa ningekuwa nimekosea mimi."

Asubuhi ya kukabidhi yeye alikwenda hospitali kutazamwa macho, nikaenda Mabawa peke yangu na viatu ndani ya kitambaa. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake. Wifi mmoja wa Zuhura, aliyekuja na nguo za arusi kutoka Pangani, alikuwa amekaa kwenye kiti cha heshima akijipepea. Nilivifunua, nikavishika kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa. Nikafungua mdomo. Bi Rehema akawa amekwisha kuvichukua. "Mashallah," alisema, "ngozi laini hii, ya mwanambuzi hii." Wifi akainua shingo, akavitazama, akatikisa kichwa kwa kukubali. Neno nilikuwa nalo ulimini. Nilijua kabisa likitoka vitarudishwa mkononi mwangu pale pale, nitavirudisha Nguvumali na neno juu yake, na kalibu zitapanda basi kwenda Muheza. Nikasema, "Nashukuru, shangazi." Kisha nikajiambia nitamtajia Zuhura faraghani. Zuhura alikuwa na watu pande zote. Nikajiambia kesho.

Kesho yake alasiri ndiyo ilikuwa siku ya kufukiza nguo. Aliyezaliwa pwani hahitaji kuambiwa, lakini wajukuu zangu siku hizi wanapuliza manukato ya chupa, basi niseme: nguo za bibi arusi hutandazwa juu ya tenga la fito, chini yake kikawekwa chetezo chenye makaa na udi, moshi ukapanda ukaingia kwenye kila uzi, na harufu ile hukaa mwezi mzima. Chumba kilikuwa kimefungwa madirisha. Moshi ulikuwa umetanda kwenye mwanga uliopenya kwa ufa mmoja wa mlango, wanawake wanaongea chini chini, mtu mmoja anaimba bila kumaliza maneno, na visheti vinapita kwenye sinia. Zuhura alikuwa amekaa juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, mikono ameiweka juu ya magoti viganja juu, amepakwa hina mbichi mpaka juu ya vifundo. Hakuweza kusogea. Mimi nilikaa mkabala naye. Sote tulikuwa kama watu waliolala macho wazi. Bi Rehema akageuza nguo, akaweka nyingine, kisha akainuka akaenda kwenye sanduku.

"Na viatu," alisema. "Ngozi hata iwe nzuri namna gani yanuka mnyama."

Akaongeza makaa. Akavitia ndani ya tenga, chini, karibu na chetezo, ili vinywe vizuri, akafunika juu kwa kanga mbili. Huo ndio ulikuwa wakati wangu. Haukuwa mfupi, nimesikia watu wakisema mambo kama haya hutokea ghafla, lakini hayakutokea ghafla. Sinia la visheti lilinifikia, nikachukua kimoja, nikakishika. Mwimbaji alianza ubeti mwingine. Nilimtazama Zuhura naye alinitazama, akatabasamu kwa kuwa alidhani nimevihurumia viatu vyangu. Ningesema maneno matatu tu. Niliyahesabu: shangazi, si ngozi. Na kila nilipoyapandisha nilikiona kigoda, nikayameza. Kisha harufu ikabadilika. Chini ya udi ikaja ile harufu tamu ya motokaa, halafu haikuwa tamu tena, ikawa kali, ya kukwaruza koo, na wanawake wakaanza kukohoa. Bi Rehema akafunua kanga. Vile viatu vilikuwa vimejikunja kwa ndani, vidole vimegeukia visigino, uso wake umetoka malengelenge, na kimoja kilikuwa kimegandana na ufito wa tenga kikivutwa kinarefuka.

Wifi wa Pangani alikuwa ameacha kujipepea.

"Hii nini?" aliuliza Bi Rehema. Akanigeukia mimi, taratibu. "Mwanakombo. Hii nini?"

Nilikiona kile kisheti mkononi mwangu kimevunjika. Na ndipo Zuhura aliposema, pale pale alipokaa, viganja vimeangalia juu, "Ni mimi, shangazi. Mwanakombo alinitajia. Aliniambia si ngozi, ni plastiki, visikae karibu na moto. Mimi nikamwomba asikwambie, kwa kuwa ungevikataa."

Hakuwa anajua kitu. Mpaka viatu vilipojikunja alidhani ni ngozi, kama wao. Aliuona uso wangu, na kwa muda wa pumzi moja alielewa yote, akaelewa hata kwamba haitoshi kusema nilimtajia, lazima aseme visikae karibu na moto, kwa sababu alikaa nyuma ya pazia lile alasiri nyingi na maneno ya Fundi aliyajua kama mimi. Bi Rehema alimfinya shavu mbele ya watu wote, bibi arusi mwenye hina. "Waanza uongo kabla hujafika?" alimwambia. Wifi alikunja miguu vizuri kwenye kiti chake, nikaona anaiweka habari ile mahali salama ili aifikishe Pangani nzima nzima. Nami nilikuwa bado naweza kusema. Niliona haya, niliogopa, na ndani kabisa ya haya na woga nilifurahi. Ninaliandika hilo kwa kuwa ni kweli.

Habari ilimfikia Fundi Mbwana kabla yangu. Asubuhi alikuwa amekaa ukumbini, hana kazi mikononi, pazia amelikunja juu ya mlango. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia nikae chini kwenye mkeka.

"Ulimtajia bibi arusi?"

"Nilimtajia."

"Kabla hajavishika?"

"Kabla hajavishika."

Alinitazama kwa yale macho yenye ukungu, na sijui aliona nini. Pengine aliona umbo la msichana tu. "Basi vimerudi na neno, lakini neno si lako," alisema. Akashika ukuta, akainuka. Nilikaa. Kigoda kilikuwa kimechukua umbo lake na hakikunikubali upesi, mgongo uliniuma mwezi mzima. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu. Imenilisha miaka zaidi ya thelathini, imenisomeshea watoto, na mafundi wanne wamejifunza chini yake. Nilikuwa natangaza aibu za viatu vyangu mpaka wateja wakawa wananiombea dua ninyamaze.

Zuhura alichukuliwa Pangani Ijumaa ile baada ya sala. Hapakuwa na muda wa kutengeneza vingine, akavaa makubadhi yake ya kila siku, mekundu ya mkoko, chini ya gauni jeupe la kung'aa, na wifi zake walipomwona anapanda gari wakaangaliana, mmoja akaziba mdomo kwa buibui. Nilisukumana na watu mpaka dirishani. Nilikuwa nimekuja kusema. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri, nitayasema mbele ya wifi, mbele ya Bi Rehema, na kama kigoda kitaondoka kiondoke. Zuhura akainua ukingo wa mtandio wake kidogo, nikaliona jicho moja na shavu lililofinywa, bado jekundu.

"Umepewa?" aliniuliza.

"Nimepewa."

"Chenyewe?"

"Chenyewe."

Akacheka, kicheko cha puani, kile cha chuoni mwalimu akigeuka. "Basi hawakunicheka bure," alisema, akaushusha mtandio.

Gari likaondoka. Nilisimama pale barabarani na maneno yangu yote, mpaka vumbi likatulia, kisha nikarudi Nguvumali, maana kulikuwa na mteja ananingoja.